Mbio Alizozifuta Fundi

Watu wa klabu ya kuogelea walimwita Fundi, na wengi wao hawakulijua jina lake jingine. Alikuwa na chumba cha kushonea kando ya bwawa la mji, mlango ukitazamana na lango la kuingilia, na humo ndani mvuke wa pasi ulichanganyika na harufu ya dawa ya maji. Alishona traksuti za klabu, alibana mavazi ya kuogelea yaliyolegea, na kila msimu wa mashindano ulipokaribia alikata na kushona tepe za medali.

Tepe hizo ndizo zilizompa ukatibu wa mashindano. Zamani kamati ilimtuma mtu aje kumwambia kutakuwa na mbio ngapi, ili ajue akate tepe ngapi, na kila mwaka mtu huyo alikosea. Mwisho mwenyekiti, mwenye duka la dawa, alichoka.

"Fundi," alisema, "panga mbio mwenyewe, halafu ujishonee tepe zako. Medali zikipungua tutajua wa kumsuta."

Ulikuwa utani, lakini Fundi aliupokea kwa moyo wote. Alijifunza kupanga. Aliwatanguliza watoto wadogo kabla hawajachoka na kuanza kulia, akaacha nafasi kati ya mbio na mbio ili mtu apate pumzi, akajua ni mwamuzi gani asiwekwe karibu na mwenzake kwa sababu hawasalimiani. Walimu wa vilabu vingine walikuja kumuuliza. Barabarani mtu akimwita "Katibu!", alijifanya hakusikia, ili aitwe mara ya pili.

Katika ukoo wake kulikuwa na waogeleaji wawili. Wa kwanza ni binti yake, aliyeitwa Kiberiti kwa namna alivyotoka kwenye jiwe la kurukia: ukipepesa macho, ameshawaka. Wa pili ni mpwa wake, mtoto wa dada yake mkubwa, na huyu aliitwa Dizeli. Dizeli alianza taratibu, kwa mngurumo, na watu walipokwisha kumkatia tamaa ndipo alipopata moto. Akishaupata, hazimiki. Wasichana hao walizaliwa mwaka mmoja na kulelewa kama watoto wa tumbo moja. Waliazimana miwani ya kuogelea, waligombania sabuni, na mmoja akichapwa na mama yake, mwingine alilia pia, kwa usalama.

Mwaka huo chama cha kuogelea kilitangaza habari njema. Kilikuwa kimefungua kituo cha mafunzo chenye shule na bweni, na kila klabu ingepeleka msichana mmoja. Kamati ilikaa na kuamua haraka: atakayepata medali nyingi katika mashindano ya mji ndiye atakayekwenda. Ilionekana ni haki tupu. Medali huwekwa mezani zikahesabiwa, na mzazi mwenye ubishi anaitwa naye ahesabu.

Fundi akaketi kupanga mbio.

Miaka yote kulikuwa na mbio fupi chache, mbio moja ya mitindo yote minne kwa mpigo, na mbio mbili ndefu za mita mia nne na mita mia nane. Mia nane hazikupendwa na waamuzi. Walichanganyikiwa kuhesabu mizunguko, na watazamaji waliondoka kwenda kunywa chai. Fundi akazifuta. Halafu akaivunja ile mbio ya mitindo minne, akatoa ndani yake mbio nne fupi za kwenda na kurudi, kila moja na medali yake: ya chali, ya chura, ya kipepeo, na ya mtindo huru. Aliieleza kamati kwamba kwa njia hiyo mashindano yatakuwa mepesi na watoto wengi zaidi watapata nafasi ya kushinda. Kamati ilipitisha bila swali.

Sababu zote alizozitoa zilikuwa za kweli. Lakini kalamu yake ilipokuwa juu ya mita mia nane, sura iliyomjia haikuwa ya mwamuzi yeyote. Ilikuwa sura ya mpwa wake. Akaupitisha mstari upesi, akainuka kwenda kuwasha pasi, ingawa siku hiyo hakuwa na nguo ya kupiga pasi.

Siku ya mashindano Kiberiti alichukua mbio zote nne fupi, akaongeza na za mita mia. Dizeli alishinda zile za mita mia nne tu. Alikuwa ameshashika ukuta wa mwisho na kuvua miwani wakati wenzake bado wanakuja, lakini nusu ya mabenchi ilikuwa tupu. Watu walikuwa kwenye chai. Wakahesabu medali. Kiberiti tano, Dizeli moja. Dizeli alimkumbatia binamu yake kwa nguvu mpaka medali zikamchoma kifuani, wote wawili wakapiga kelele.

Jioni ile walikusanyika nyumbani kwa Fundi. Mkewe alizitundika medali kwenye msumari nyuma ya mlango, hivyo kila aliyeingia alizifanya zilie kama kengele. Dada yake Fundi alifika na mikate ya moto kutoka bekari alikofanya kazi ya kukanda unga. Alizishika zile medali moja moja, akazigeuza.

"Hebu nieleweshe, mdogo wangu," alisema. "Hizi nne si za bwawa lile lile? Ukuta huu mpaka ukuta ule, kisha kurudi?"

"Ndiyo, Dada, ila mitindo ni tofauti."

"Alaa! Kwa hiyo mkimbiaji naye akikimbia kinyumenyume apewe medali ya pili? Akirukaruka kama chura, ya tatu?"

Nyumba nzima iliangua kicheko. Kiberiti ndiye aliyecheka kuliko wote. Alisimama akakimbia kinyumenyume chumbani mpaka akagonga kabati na kuangusha vikombe. Fundi naye alicheka, ila alichelewa, na alipoanza wenzake walikuwa wamemaliza. Dada yake hakuwa na nia ya kumchoma. Angejua alichokigusa, asingecheka.

Baada ya siku chache Dizeli alibisha hodi kwenye chumba cha kushonea, vazi lake la kuogelea likiwa mkononi.

"Karibu, mama," Fundi alisema. Kisha akaona miguu yake. Miundi yote miwili ilikuwa na michubuko, mingine bado mibichi. "Nani kakukwangua hivyo?"

"Jiwe la kurukia, Mjomba." Msichana alicheka. "Najifunza kutoka kama Kiberiti. Natoka kama gunia la viazi."

"Na mazoezi yako ya mbali?"

"Nimeyaacha. Yananisaidia nini? Medali yenyewe moja." Aliweka vazi juu ya meza. "Nibanie hapa mabegani. Mwalimu anasema linashika maji. Mwakani naingia fupi zote nne, hata zile za chura."

"Wewe si mtu wa mbio fupi, Dizeli."

"Basi nitakuwa. Ninyi ndio mnaopanga, Mjomba. Sisi tunaogelea kilichopangwa."

Aliyasema bila kinyongo chochote, kama mtu anayesema nje kuna jua. Fundi alichukua futi ya kupimia akaizungusha mabegani mwake. Yalikuwa mabega mapana, yaliyojengwa na miaka ya kwenda na kurudi ndani ya maji wakati wenzake wameshakwenda kuvaa. Alisoma namba, akaisahau, akapima tena. Akaisahau tena.

"Vipi, Mjomba, nimenenepa?"

"Hapana," alisema. "Macho yangu tu."

Msichana alipoondoka, Fundi alifunga mlango uliotazama bwawa. Joto lilijaa chumbani, na mteja aliyeleta suruali alimuuliza kama anaumwa. Kuanzia siku ile alirudi nyumbani kwa njia ya uchochoroni. Mtu akimwita "Katibu!", aliongeza mwendo. Chakula kilimshinda, na mkewe alipomuuliza alisingizia jino, akaletewa dawa ya jino, akainywa.

Kulikuwa na traksuti ya kumalizia, ile ambayo Kiberiti angeivaa kwenda kituoni. Siku moja mchana alimsimamisha binti yake mbele ya kioo, akaanza kuitia pini mikono ya traksuti.

"Baba, angalia hizo pini. Utanichoma."

"Zile mbio za mita mia nane," Fundi alisema. "Mimi ndiye niliyezifuta."

"Najua. Si waamuzi walilalamika?"

"Waamuzi hulalamika kila mwaka. Mwaka huu ndio nikawasikia."

Kiberiti aligeuka polepole, chaki ya kushonea ikiwa imechora mstari kwenye mkono wa traksuti. Hakuwa mtoto wa kuelezwa jambo mara mbili.

"Na zile fupi nne?"

"Nazo ni mimi."

"Kwa ajili yangu."

Fundi aliinamisha kichwa. Alitarajia binti yake alie, au aseme habari za Dizeli. Hakutarajia alichokisikia.

"Kwa hiyo, Baba, uliniona siwezi."

"Hapana, mwanangu. Nilitamani tu..."

"Mimi nilikuwa naamka kabla ya jogoo. Naingia kwenye maji ya baridi, meno yanagongana. Nikasema nimeshinda. Kumbe ulishanishindia mezani, mimi nilikwenda kulowana tu." Alivua ile traksuti pamoja na pini zake, akaikunja vizuri mno, akaiweka juu ya cherehani. "Sasa hata kama ningeshinda mwenyewe, nani atajua? Mimi mwenyewe nitajuaje?"

Fundi aliinama kuokota pini iliyoanguka sakafuni.

"Dizeli anajua?"

"Hajui."

"Shangazi?"

"Naye hajui."

"Basi nenda ukawaambie. Usinitume mimi."

Alikwenda kwanza bekari, akapitia mlango wa nyuma. Dada yake alikuwa amezamisha mikono kwenye unga mpaka viwiko, nywele zimefungwa kitambaa cheupe. Fundi alizungumza akiwa amesimama kati ya magunia. Dada yake hakuacha kukanda. Alikanda kwa nguvu zaidi, akaupindua ule unga, akaubamiza mezani.

"Mwanangu miguu yake yote ni vidonda," alisema hatimaye.

"Nimeviona, Dada."

"Umeviona." Alibamiza tena. "Ungekuja ukaniambia, dada yangu, natamani wangu ndiye aende. Ningegomba. Tungenuniana wiki mbili, mama yetu akatupatanisha, yakaisha. Mimi si dada yako? Lakini ulinizunguka na kalamu. Halafu nikaja nyumbani kwako na mikate, nikakuchekesha!"

"Nisamehe, Dada."

"Usiniombe msamaha hapa, nina unga. Nenda kwenye hiyo kamati yako. Na Dizeli nitamwambia mwenyewe, maana wewe atakuonea huruma, nami sitaki akuonee."

Kamati ilikutana katika ofisi ndogo ya bwawa, kati ya maboya ya kuokolea na ndoo za dawa ya maji. Walikuwa watatu: mwenyekiti, mwalimu wa kuogelea na Fundi. Mwenyekiti alisikiliza huku akifuta miwani yake, akaonekana kuona aibu kwa niaba ya mwenzake.

"Fundi, mbona unajichongea? Sababu ulizotupa zote zilikuwa za kweli."

"Zilikuwa za kweli, mwenyekiti. Ndiyo maana nilizichagua."

Mwalimu, mwanamke mwenye sauti iliyokauka kwa filimbi na kupiga kelele, alijisogeza kwenye kiti. "Na sisi tulipitisha," alisema. "Tusimtwike yeye peke yake. Hata bila kalamu yake, mpango wetu una kasoro. Mwenye mbio fupi ana milango mitano ya kuingilia, mwenye mbio ndefu ana dirisha. Nimewafundisha wote wawili. Wote wanafanya kazi sawa. Dizeli anaogelea masafa marefu kuliko mtoto yeyote hapa, na tunampa medali moja watu wakiwa kwenye chai."

"Haya, sasa tufanyeje?" mwenyekiti aliuliza. "Jina linatakiwa wiki ijayo. Tukimpeleka Dizeli, tunamwadhibu Kiberiti kwa kosa la baba yake. Tukimpeleka Kiberiti, ndiyo hivyo tena." Alivaa miwani. "Wakutane katikati. Mita mia mbili, mtindo huru. Si fupi, si ndefu. Atakayetangulia ndiye."

"Hata hizo zitampendelea mtu," mwalimu alisema. "Hatujui tu ni nani."

"Basi kwa leo tuchukue huko kutojua. Tumekosa kingine."

Walikubaliana pia kwamba mwakani mia nane zirudi, na kwamba anapochaguliwa mtu wa kwenda mahali, mbio zote fupi zihesabiwe kuwa kitu kimoja. Kisha mwenyekiti alikohoa.

"Na ukatibu, Fundi, itabidi tuushike wenyewe. Tepe utaendelea kushona. Idadi tutakuletea."

"Mtakosea," Fundi alisema, kabla hajajizuia.

Zamani wangecheka. Mwalimu alitazama ndoo za dawa.

Jumamosi mabenchi yalijaa, kwa sababu habari ya aibu haihitaji kutangazwa. Fundi alifika akiwa amechelewa makusudi, akakuta nafasi moja tu, kando ya dada yake. Dada yake aliuvuta mkoba wake akampisha, bila kumtazama. Kule mbele wasichana wawili walisimama kwenye mawe ya kurukia, mmoja amelegea, mwingine amejikaza. Dizeli alikuwa na bandeji kwenye miundi yote miwili.

Filimbi ikalia. Kiberiti akawaka. Alipogeuka mara ya kwanza Dizeli alikuwa miguuni pake, na mara ya pili nyuma kabisa, na watu wa benchi la mbele wakaanza kusema basi, yamekwisha. Kisha ule mngurumo ukaanza. Dizeli alipiga maji kwa mpigo mmoja usiobadilika, na kila ukuta alipunguza pengo. Kiberiti alikuwa anachoka; mtu yeyote angeona. Mikono yake ilianza kuingia majini kwa kishindo, kichwa kikainuka juu mno. Ukuta wa mwisho waligeuka pamoja.

Fundi alijikuta amesimama. Alifungua mdomo kushangilia, na hakuna jina lililotoka. Akisema Kiberiti, dada yake yuko pale. Akisema Dizeli, ni unafiki. Alisimama mdomo wazi kama samaki aliyetolewa majini, huku watu wote wakipiga kelele.

Kiberiti alitangulia kwa kiganja cha mkono.

Wasichana walining'inia kwenye kamba inayotenganisha njia zao, vifua vikipanda na kushuka, kelele zikaanza kupungua, na benchi zima likawasikia.

"Zingekuwa mia nane," Dizeli alisema kwa shida, "ningekuacha unalia."

"Najua," Kiberiti alijibu. "Ningekuwa bado nalia mpaka sasa."

"Mwakani zipo. Njoo unione."

Walicheka, maji yakawaingia puani. Lakini Fundi aliketi. Alielewa sasa. Binti yake aliweza. Aliweza katika umbali ambao hakuna aliyemchagulia, akiwa amechoka, bila msaada wa kalamu ya mtu. Hakuwahi kuuhitaji ule mstari. Yeye baba alikuwa amemnyang'anya mpwa wake kitu kwa ajili ya mtoto asiyekosa kitu, kisha akamnyang'anya hata mtoto huyo ushindi wake halali ambao angeupata bila doa.

"Hongera, Fundi!" mtu alimpiga bega. Fundi hakuinua uso.

Nyuma yake mzazi mmoja, mwanamume mwenye kofia, alimwambia jirani yake kwa sauti isiyojificha: "Ah, na hizi nazo si ajabu kazipanga baba yake."

Kiberiti alikuwa ametoka majini, akitembea kuelekea kwenye mabenchi. Alisikia. Alisimama palepale, maji yakimtiririka hadi kwenye saruji, uso ukaanza kumkunjamana. Akamtazama baba yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu siku ile ya traksuti.

Fundi alisimama, akamgeukia yule mwenye kofia. Waliokuwa wanakwenda kwenye chai walisita mlangoni.

"Hizi sikuzipanga mimi, ndugu yangu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na ilimbidi aanze upya ili wa nyuma wasikie. "Hizi kazishinda mwenyewe. Zile za mashindano ndizo nilizozipanga. Nilifuta mbio za mpwa wangu ili binti yangu apate nyingi. Wao hawakujua. Mimi nilijua."

Mwenye kofia aliangalia viatu vyake. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti, "Mama, kasema nini?" akazibwa mdomo.

Fundi alichukua taulo alilokuja nalo, lililokuwa kwenye benchi, akalikunjua na kulishika kwa mikono miwili, kama alivyozoea kumshikia Kiberiti tangu akiwa mtoto wa kujifunza kuelea. Kiberiti alikuja. Alipofika mbele yake alipunguza mwendo, kisha akapita, akaenda kwa shangazi yake aliyekuwa amemfungulia kanga. Akajifunika humo, kichwa na vyote, na Dizeli akaja akajibana upande wa pili.

Fundi alibaki amesimama na taulo lake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae.